Dakika za Kusimama

Pii, pii, pii. Mlio ulitoka jikoni, nikajua soksi za mama zinamwamuru akae tena.

Siku hizi mishipa ya miguu iliyovimba haipasuliwi. Unavalishwa soksi za kubana, unapewa dakika arobaini za kusimama kwa siku, na ukizidisha unakatwa za kesho. Ukikaidi, zinakaza mpaka magoti yakunjike yenyewe.

Nilimkuta ameshika pasi, kanzu yangu imetandazwa mezani.

"Mama! Kesho binti yako Mwajuma anaolewa. Umebakiwa na dakika ngapi za kumsindikiza mlangoni?"

"Mbili," alisema, akijishusha kitini. "Lakini kola imenyooka. Mshairi gani anapanda jukwaani na makunyanzi?"

"Ningeivaa hivyo hivyo!"

"Uniaibishe mbele ya wakwe, Makame?"

Nilipiga magoti nizichane zile soksi. Akanipiga kofi mkononi, kisha akakunja ukingo wa moja. Mishipa iliyokuwa imejisokota kama minyoo sasa ilikuwa imelala, na ngozi imekuwa laini. Soksi zilikuwa zinamponya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana sikuwa na wa kumtukana.

Zikalia tena, safari hii zikitaka miguu ipandishwe juu. Mama aliipandisha kwenye stuli haraka, kama mtoto aliyekaripiwa.

Nilikuwa na beti kumi na mbili, zote za kughaniwa kwa kusimama.

"Mama," nilisema, "kesho nitaghani nimekaa, na hakuna atakayesimama ukumbini mpaka usimame wewe kumuaga Mwajuma. Nakuahidi."