Kadi za Miaka Ijayo

"Gundi hiyo haifai!" Fundi wa kadi alimpokonya yule mama chupa, akaitupa kwenye pipa la takataka. "Hiyo ni ya watoto wa shule. Miaka miwili tu imeshakuwa unga, picha yote chini."

"Itatosha, mzee."

"Itatosha wapi! Ile ya miaka kumi na minane itafunguliwa lini? Hebu hesabu mwenyewe."

Mama hakuhesabu. Aliinama tu, akaendelea kukata baiskeli ya karatasi, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Siku ya kwanza alivuka barabara kutoka hospitalini, kitambaa kichwani, pamba imebanwa kwa plasta ndani ya kiwiko, mwili umebaki mifupa na subira. Hakutaka kununua kadi. Alitaka kufundishwa kutengeneza zile ambazo ukizifungua, picha inainuka na kusimama.

"Nina binti wa miaka sita," alisema. "Nataka kadi ya kila siku yake ya kuzaliwa, kuanzia ya saba mpaka ya kumi na nane. Zote nizitengeneze kwa mkono wangu."

"Kumi na mbili! Haraka ya nini, mwanangu?"

"Daktari anasema wiki tatu. Tukijaliwa, nne."

Wateja walimwita fundi huyu Redio, maana mdomo wake hauna pa kuzimia. Siku hiyo alizimika. Alisukuma kando kadi za harusi ya watu, akafuta meza, akamvutia mama kigoda.

Alimfundisha yote. Karatasi ngumu unaikunja katikati, unakata mikato miwili kwenye mkunjo, unasukuma kipande ndani kiwe kama ngazi, halafu juu ya ngazi ndipo unapobandika picha. Ukikosea mkunjo kidogo tu, picha inalala badala ya kusimama. Ya kwanza ya mama ililala. Ya pili ikalala. Ya tatu ikasimama, baiskeli nyekundu yenye kengele, na mama akaangua kicheko, kisha akalia papo hapo, na Redio naye akajifanya anatafuta rula chini ya meza.

Miaka minane, paka. Tisa, bahari na samaki, kwa kuwa mtoto hajawahi kuiona bahari. Kumi, keki ya ghorofa tatu. Kila kadi iliyokamilika mama aliondoka nayo jioni ileile, hata ikiwa bado mbichi.

"Ziache hapa zikauke," fundi alimsihi. "Unakimbilia wapi nazo?"

"Nazihitaji, mzee."

"Na nani atakuwa anampa, mwaka hadi mwaka? Una dada? Bibi yake yupo?"

"Nitampa mimi."

Mfa maji haachi kutapatapa, fundi alijisemea, na hakuuliza tena. Nyumbani mkewe alimkuta anatazama sahani bila kula. "Ataacha mtoto mdogo hivyo," alimwambia. "Mtoto atakuwa anafungua kadi, mama yuko udongoni." Mkewe akamwambia basi amsaidie vizuri, asiwe wa maneno tu.

Ndivyo alivyofanya. Siku ya saba, kadi sita za mwisho zilipokuwa zimeshakatwa na kubandikwa kwa ile gundi ya haraka ambayo mama aliinunua tena kwa siri, Redio alisubiri mama avuke mara moja kwenda hospitalini, akazibandua zote. Alichemsha gundi yake mwenyewe, ile nzito ya kubandikia majalada, akapaka upya kila mkunjo, akazilaza chini ya chuma kizito.

Mama alipoona alishika ukingo wa meza. "Umefanya nini?"

"Nimezipa uhai. Siku mbili tu, mwanangu, zikauke. Baada ya hapo hata mjukuu wako atazifungua."

"Siku mbili! Mzee, siku mbili!"

"Haraka haraka haina baraka."

Mama aligusa kile chuma kwa vidole, akavuka barabara mikono mitupu. Fundi aliumia kumwona vile, lakini moyoni aliridhika. Siku moja binti yule angemshukuru.

Siku ya kwanza mama hakuonekana. Siku ya pili, hakuonekana. Kadi zilipokauka, fundi hakungoja tena. Alizifunga kwa karatasi safi, akavuka mwenyewe, akiomba kimoyomoyo asikute kitanda kitupu.

Kwenye wodi ya wanawake alipita kitanda hadi kitanda. Hayumo. Ndipo akatambua kwamba hata jina lake hakuwahi kuliuliza, yeye na mdomo wake wote.

"Namtafuta mama mmoja mwembamba, wa kitambaa," alimwambia muuguzi. "Anatengeneza kadi. Nimechelewa?"

"Yule wa kadi?" Muuguzi alimtazama kidogo. "Twende."

Alimpandisha ngazi, wakapita korido ndefu, akasukuma mlango wa mwisho, wa wodi ya watoto. Mama alikuwa amesimama, mzima. Dirishani kadi sita zilikuwa wazi, picha zote zimesimama. Mbele yake, kwenye kitanda kifupi, kichwa kidogo kisicho na nywele kilizama katikati ya mto.

"Leo asubuhi ametimiza kumi na mbili," mama alinong'ona, mkono ameunyoosha nyuma bila kugeuka. "Nipe ya kumi na tatu, mzee. Upesi."