Joho Namba Kumi na Nne

Sikudhani, mwimbaji wa sauti ya pili, aliliweka joho la kwaya mezani, limefuliwa na kupigwa pasi. Tangu apasuliwe koo, sauti yake ilibaki mnong'ono tu, na asiyeimba joho ni la nini?

Bi Namsifu, mtunza majoho wa Umoja wa Kwaya, akaligeuza, akatazama namba kumi na nne iliyoshonwa kwenye kola.

"Umelifua vizuri, mwanangu. Haya, ubeti wako."

Ndiyo desturi ya Umoja: anayerudisha joho huimba ubeti mmoja peke yake, ndipo jina lake lifutwe.

Sikudhani akagusa kovu lake. "Unajua siwezi, Bi Namsifu," akanong'ona.

"Najua sana."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiniulize mimi. Bila ubeti sipokei, hata uje na mjomba wako." Akamsukumia joho. "Na usilie juu yake, utalitia madoa."

Ukumbini mazoezi yalikuwa yameanza. Waimbaji wa sauti ya pili walisimama wamebanana kama kawaida yao, ila katikati walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Sikudhani akalivaa joho, akafunga kifungo cha shingoni juu ya kovu. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, kisha akaingia kwenye nafasi ile.