Kitambaa cha Kitwana

Katika tanuri la matofali la mji ule, mtia kuni hufunga kitambaa kipajini, na kila akipumzika humpa mwenzake akikamue. Jasho likichuruzika, anarudi motoni. Kikiwa kikavu, anatolewa, apende asipende, maana mwili wake umeshindwa kujipoza.

Shangwe alikamua cha Kitwana kwa mara ya saba. Maji yakachuruzika.

"Umeona, dada?" Kitwana alisema, ulimi mzito. "Zimebaki kuni chache tu, tuzibe mlango. Tukiacha sasa, matofali yote yatatoka mabichi."

"Mbona unatetemeka?"

"Nani, mimi?"

Akainama kuchukua gogo. Mgongo wake ulikuwa umekauka kau, malaika yamemsimama mbele ya moto ule. Shangwe akaitazama ndoo ya maji ya kunywa kando ya mlango. Ukingo wake ulikuwa bado unadondoka matone.

Akakigusisha kitambaa ulimini. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

"Kitwana! Toka hapo!"

Kitwana aligeuka taratibu, gogo amelikumbatia kifuani, akamtazama Shangwe kwa upole, kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi.