Mpini wa Pampu ya Baba

Rangi ya chini kabisa ilikuwa nyeupe, na ilipaswa kuwa nyekundu.

Lumir Hruska alikwangua tena, taratibu, kwa ncha ya kisu. Kijani, kisha nyeupe, kisha chuma kitupu. Akahamia upande wa pili wa mpini. Mambo yalikuwa yale yale. Akaketi juu ya ndoo, akiutazama kama mtu aliyekuta mgeni amelala kwenye kitanda cha baba yake.

Pampu ilisimama mbele ya kituo chao cha mafuta, kilichofungwa zamani, kando ya barabara ya changarawe huko Nebraska. Ilikuwa ya enzi za mitungi ya kioo: unasukuma mpini mbele na nyuma, petroli inapanda kwenye mtungi ulio juu, mteja anaiona kwa macho yake galoni anayoinunua, ndipo unamfungulia mpira wa kumiminia. Lumir alikuwa na miaka sita baba yake, Rudolf, alipoondoka. Uso hakuukumbuka. Alikumbuka mkono tu: mkono mpana juu ya mpini, na petroli ikipanda, nyekundu kama sharubati.

Watu walisema Rudolf alikwenda Wyoming kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta. Hakurudi, wala hakuandika. Tangu utotoni, kila mara mpini ulipolia kwa upepo, Lumir alitoka mlangoni kutazama ni nani. Sasa alikuwa na miaka hamsini, na bado alitoka.

Ndiyo maana hakuiuza pampu, ingawa wanunuzi walikuja kutoka mbali. Alitaka jambo moja: irudi kama Rudolf alivyoiacha, kila kipande kile kile, ili aushike mpini pale baba alipoushika. Alikuwa ameikagua kwa miaka. Mtungi ulikuwa wenyewe. Kioo chake kilikuwa na viputo na mawimbi, na mitungi ya kuigiza haina. Mdomo wa mpira ulikuwa wa shaba, umelika upande mmoja. Kila kipande cha chuma kilikuwa na namba ya kiwanda, na chini ya kijani na nyeupe kilikuwa na ile nyekundu ya kwanza. Mpini aliuacha mwisho, kama mtoto anavyobakiza nyama pembeni mwa sahani.

Mama yake alitoka na sahani ya kolache, maandazi ya Kicheki yenye jamu ya plamu katikati. Albina alikuwa amepita sabini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kifundoni. Ulivunjika Lumir akiwa mdogo, na haukuunga vizuri.

"Kula. Au umeshashiba kutu?"

"Mama, mpini huu si orijino."

"Hata mimi si orijino. Meno ya juu yote ya daktari."

"Sifanyi mzaha."

"Najua. Hujafanya mzaha tangu ubatizwe. Wenzako wameoa wanawake, wewe umeoa pampu."

Lumir alimvuta karibu, akamwonyesha. "Hauna namba. Na tazama hapa, hauna nyekundu, unaanzia nyeupe. Nyeupe si uliipaka wewe?"

"Nimepaka vitu vingi mimi."

"Uliipaka masika yale baba alipoondoka. Harufu yake naikumbuka. Basi mpini ulibadilishwa wakati ule ule."

Albina aliiweka sahani dirishani. "Ulivunjika, nikanunua mwingine. Chuma ni chuma."

"Chuma kinene namna hii hakivunjiki chenyewe, mama. Ni baba. Aliuvunja kwa nguvu zake, akautupa hapa hapa." Lumir alikuwa ameshasimama, uso umemchangamka kama wa kijana. "Na hapa hapajachimbwa. Hata wale wa serikali uliwatimua kwa ufagio walipokuja kung'oa tangi la mafuta!"

Mji mzima bado ulikicheka kisa kile cha Albina na ufagio. Mwishowe wale watu walilijaza tangi mchanga pale pale ardhini, wakaenda zao.

"Umri wangu huu nichimbiwe bustani na vijana wa ofisini?" alisema Albina. "Kula, zinapoa."

Lakini Lumir alikuwa ameshafika kwenye pikapu. Alirudi na kile kifaa chake cha kutafutia vyuma ardhini, ambacho kila mkusanyaji wa vitu vya kale hutembea nacho.

"Mwanangu, acha. Nitakununulia mpini. Orijino, wenye namba, na nyekundu yake. Uza shamba la chini tukanunue."

"Utakuwa mpini wa mtu mwingine huo. Mimi nataka aliokuwa akiushika yeye. Niushike mara moja tu, mama, basi. Baada ya hapo sitatoka tena mlangoni."

Akakiwasha. Kikaanza kulia polepole, tik, tik, huku akikizungusha juu ya nyasi kuelekea nyuma ya kituo. Albina alimfuata bila neno la utani. Alipomfikia, aliuweka ule mkono uliopinda juu ya mkono wa mwanawe.

"Kizime, Lumir," alisema. "Ukiupata mpini, na yeye utampata."