Ufunguo wa Chumba cha Kwanza

Poda ilipakwa mara ya tatu, na kovu bado likachungulia.

"Bibi, tulia basi," mpambaji alisema. "Bosi kasema shavu hili lisionekane hata kidogo."

Bibi akatulia. Umaskini wa kwenye kamera, alishaelewa, sharti uwe umeoga. Wiki iliyopita mwenye nyumba alimtolea virago nje. Leo angekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kwanza katika makao ya wazee yaliyojengwa na tajiri wa programu za simu. Sharti lilikuwa moja tu: apokee, atabasamu, asiseme neno. Akiropoka, arudi barabarani na virago vyake.

"Na ukilia," msemaji wa kampuni akaongeza, "lia kwa kiasi. Makamasi hayapendezi pichani."

Ukumbini, tajiri alipanda jukwaani na fulana yake nyeusi, ile iliyochakazwa kiwandani kwa gharama kubwa. Akasimulia utoto wake, akinyamaza kila palipostahili makofi. Baba hakumjua. Mama alipiga pasi nguo za watu mpaka mauti yakamkuta, yeye akiwa bado mdogo. Yatima akajifundisha kompyuta peke yake, na Mungu si Athumani, leo hii ni yeye. Wawekezaji wakapangusa macho. Msemaji, aliyekuwa akiisikia hadithi hiyo kila mwezi, alilia palepale anapolia siku zote.

"Mama hakuishi kula matunda yangu," tajiri alimalizia. "Basi na wayale mama za wenzangu."

Bibi akaitwa. Chumba alikitaka, hilo halina ubishi, lakini zaidi ya chumba alitamani neno moja jema kutoka kinywani mwa yule mwanamume, hata kwa kunong'ona.

Tajiri akamkumbatia, kamera zikamulika.

"Hongera, bibi," alisema kwenye kipaza sauti. Kisha sikioni: "Inamisha uso."

Ufunguo ukatua kiganjani mwake. Tajiri akageuka, akavuta pazia, na picha kubwa ya marehemu ikafunuka ukutani: mwanamke kijana, pasi ya mkaa mkononi, kovu la pembe tatu shavuni. Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima.

Bibi hakusema neno, kama walivyokubaliana. Alitoa leso, akaitemea mate kidogo, akaanza kufuta poda.