Chozi la Binti Nyegere

Paliondokea nyegere mmoja aliyekuwa na binti mwepesi wa kulia. Kwale akipoteza yai, binti hulia naye. Sungura akichomwa na mwiba, binti huchechemea. Kila mara mama yake alimzaba kofi.

"Sisi ngozi yetu ngumu," alimwambia. "Uchungu wa mwenzio haukuhusu."

Binti akazoea. Machozi yakamkauka, na mama akaona fahari.

Miaka ikapita. Siku moja mama aligongwa na nyoka aina ya fira, akaanguka mlangoni mwa shimo lao akitetemeka. Binti akaja, akamtazama, akamruka, akaingia ndani kulala.

"Huyo kazaliwa hana huruma," alisema Kwale aliyekuwa akipita.

"Alizaliwa nayo," mama akajibu kwa shida. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya." Kisha akaita, "Mwanangu, natamani nikusikie ukilia kama zamani."

Binti akatoka, akaketi kando yake.

"Hata mimi natamani, mama. Naona unaumia. Nalitafuta lile chozi, silipati."

Mama akakilaza kichwa chake mapajani mwa binti. Wakakaa hivyo mpaka mama akakata roho, na binti alikuwa bado analitafuta.