Kanga Niliyoikalia

"Dada, hebu simama."

Mdogo wangu alikuwa kitandani hospitalini. Saratani ya kizazi ilikuwa imemkausha mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi isimponyoke kidoleni.

"Nisimame niende wapi, nami nakunywesha maji?"

"Simama tu."

Nikasimama. Akaitazama kanga nyeusi niliyoikunja na kuikalia, akaelewa. Hedhi ilishaniaga miaka mingi iliyopita, lakini damu ilikuwa imerudi, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Tangu lini?"

"Uzee huo. Mambo ya kizazi ni ya wenye waume, mwenzangu. Wangu yuko kaburini."

"Mimi pia nilisema uzee. Nikakalia kanga hivyohivyo, mpaka daktari akaniambia ningewahi ningepona."

"Mungu yupo."

"Yupo. Na nesi yupo chumba cha pili."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

"Nikienda, nani atakunywesha?"

"Siyo kiu itakayoniua mimi, dada. Nenda."

Akageukia ukutani, asinipe nafasi ya kujibu.

Nikapiga hodi kwa nesi nikiwa bado nimeshika kikombe cha mdogo wangu.